Ukuta Usiopigwa Lipu

Mume wangu wanamwita Ramani. Jina hilo hakupewa na baba yake, alipewa na kazi, na kwa muda mrefu alilivaa kama mtu anavyovaa shati jipya. Kazi yenyewe ukimweleza mtu asiyeijua ataona unamtania. Wapiga picha wa magazeti na wa vitabu, wale wanaotoka mbali na makoti yenye mifuko mingi, wakifika hapa hawamjui mtu wala njia. Wanachokijua ni shida wanayoitaka. Mmoja anataka mafuriko, mwingine anataka wagonjwa, mwingine anataka vijana wasio na kazi, tena wawe na sura za kuonyesha kwamba hawana kazi. Ramani ndiye anayewatafutia. Anawapeleka, anapiga hodi, anaomba ruhusa, anatafsiri, kisha anarudi nyuma ili kivuli chake kisiingie kwenye picha.

"Mimi kazi yangu kutafuta watu wa kupigwa," huwaambia majirani, na wakishtuka anamalizia, "picha jamani, picha!" Utani huo ameutumia mpaka umechakaa, na bado anaucheka peke yake.

Nisimseme vibaya kwa kila kitu. Kazi anaijua. Anajua mvua ikinyesha maji yataingia mtaa gani kwanza, nyumba ipi ina mgonjwa asiyeinuka, mjane yupi anapenda kuongea na yupi atakufungia mlango usoni. Akiingia kwa watu anavua viatu, anawaamkia wakubwa kwa adabu, anambeba mtoto anayelia. Mama wa watu atamweleza mambo ambayo hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja. Atakaa naye asubuhi nzima, atamsikiliza, wala hatatazama saa. Hilo ulikumbuke, maana ndipo uchungu wangu ulipo.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo wapiga picha hawalijui, au wanajifanya hawalijui. Wao wana sheria yao: mpiga picha wa kweli hagusi kitu. Hamwambii mtu kaa hivi, geuka vile, lia kidogo. Anapiga alichokikuta. Basi Ramani hutangulia ndani, eti kuomba ruhusa, na akiwa kule ndani anapunguza. Neno lake ndilo hilo, kupunguza. Redio inaingia chini ya kitanda. Kalenda yenye magari ya kung'aa inashushwa. Viatu vipya vya mtoto vinapelekwa jikoni. Mgeni akiingia anakuta chumba kitupu, mama na mtoto. Anapiga alichokikuta, na dhamiri yake inabaki nyeupe kama shuka za hoteli ninazozipiga pasi kule kwa dobi, ambako ndiko ninakopatia riziki.

"Redio ya watu imekukosea nini?" nilimuuliza siku moja tukila.

"Picha ya shida haitaki redio," akasema. "Mtu akiona redio atasema huyu anatudanganya. Na shida anayo kweli! Mimi sidanganyi, mama watoto. Napunguza tu yanayochanganya macho."

"Na siku wakija kupunguza kwako?"

Alicheka mpaka akapaliwa. Kwetu kulikuwa na nini cha kupiga?

Kwetu kulikuwa na baba mkwe. Baba mkwe wangu ni fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa huu zimepita mikononi mwake, na hii tunayoishi aliijenga mwenyewe, jioni jioni, baada ya kutoka kujenga za wengine. Aliipiga lipu pande tatu, laini, ungeweza kuandikia. Upande wa nne, ule wa nyuma unaotazama choo na kamba za nguo, mikono ilianza kumtetemeka kabla hajaufikia. Ukabaki tofali tupu, saruji imetokeza kati ya mistari. Ukitaka ugomvi na mzee mletee fundi mwingine aumalize. "Nitaumaliza mwenyewe," anasema, na mwiko wake ameufunga kwenye kitambaa chini ya kitanda kana kwamba kazi ni kesho. Akienda chooni hupita pale akitazama chini, kama mtu anayepita mbele ya mtu anayemdai ahadi.

Asubuhi kabla sijaenda kazini namtolea kiti barazani, mbele, penye lipu na jua changa. Kando yake naweka stuli, na juu ya stuli chupa ya chai, kubwa, nyekundu, na kikombe, na mkate nimeufunika kwa sahani. Watoto wanakwenda shule, Ramani anakwenda kwa wageni wake, mimi nakwenda kwenye pasi zangu. Nikirudi jioni naikuta chupa nyepesi, na mzee ananiambia, "Chai ya leo ulitia sukari kwa uchoyo, mkwe." Kila siku anasema hivyo, hata nikizidisha vijiko. Ndiyo ahsante yake, na mimi naipokea hivyo hivyo.

Chupa ile ndiyo heshima yangu, nasema bila kuona haya. Wapo wakwe hodari wa kusema mbele za watu jinsi wanavyowatunza wazee wao. Mimi sina hotuba. Mimi nina chupa.

Sasa, Ramani alikuwa na dereva. Mtu mzima mwenzake, mwenye gari lake, aliyewabeba wageni kwenda na kurudi. Katika kukaa pamoja garini Dereva aliona kila kitu, na Ramani, kwa kuwa ulimi wake hauna mfupa, alimfundisha hata yale ambayo hakuulizwa. Ikafika siku Dereva akagundua kwamba mtu anayejua njia, akajua na kupunguza, hana haja ya Ramani. Akaanza kuchukua wageni wake mwenyewe. Hawakugombana. Waliendelea kusalimiana, ila salamu zikawa fupi.

Siku niliyoiona ile picha nilikuwa kazini, nimesimama mbele ya meza ya pasi, mvuke unanipanda usoni. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anapumzika na simu yake. Akaja, akaniwekea simu mbele ya macho.

"Huyu si baba mkwe wako?"

Alikuwa yeye. Amekaa kwenye kiti, mikono imelala mapajani, macho yanatazama mahali pasipo na kitu. Picha nzuri, siwezi kusema uongo. Kila mkunjo wa uso wake unauona. Nyuma yake tofali tupu. Baraza hakuna, stuli hakuna, chupa hakuna. Na chini yake maneno: *Ametelekezwa. Asubuhi hadi jioni mzee huyu hukaa peke yake. Watoto wake wamemsahau.*

Foronya iliyokuwa chini ya pasi iliungua, nikajua kwa harufu.

"Ni yeye, lakini si kwetu," nikasema, maana kweli mwanzoni sikuutambua ukuta. Kisha nikautambua, na damu ikanichemka. Mzee alikuwa amehamishwa, yeye na kiti chake, kutoka barazani hadi nyuma, kwenye upande wake wa aibu. Na anayemjua Ramani hawezi kuiona picha ile asijue imetoka kwenye mafunzo ya nani. Hakuipunguza yeye. Lakini upunguzaji ulikuwa wake, kama mshono unavyomtaja fundi.

Kabla sijafika nyumbani wifi yangu alikwishapiga simu. Wifi ndiye dada pekee wa Ramani. Ameolewa mbali, na huja kumwona baba yake mara chache ambazo baadaye huzisimulia kwa muda mrefu.

"Wifi, nimeona," akaanza, hata salamu hakuna. "Yaani mmemtupa baba yangu mpaka dunia nzima inamlilia?"

"Ile picha imepangwa, wifi. Baba ana chai yake, ana mkate wake, ana..."

"Mimi chai pale siioni. Lisemwalo lipo."

"Basi njoo umchukue, ukae naye wewe."

Akakata simu. Nilijua hatakuja, na nilijua pia kwamba hatakuwa wa mwisho kusema. Jioni ile ile dukani, mwanamke ambaye hajawahi hata kunisalimu aliniuliza kwa sauti ya huruma kama kweli mzee anakula. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Ramani naye aliiona huko huko alikokuwa. Alirudi amevimba kwa hasira, akatupa mkoba mezani.

"Wamemchukua baba yangu bila kuniambia! Wamemhamisha! Chupa wameitoa! Halafu wanaandika uongo, wanauza uso wa mzee wangu kwa uongo!"

Nilimwacha amalize. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka kumuuliza ni wangapi waliojiona kwenye picha bila redio zao, na kama nao walipiga kelele hivi ndani mwao, na nani aliwasikia. Sikumuuliza. Siku ile na mimi nilikuwa naihitaji hasira yake. Picha ilikuwa inakwenda kutundikwa kwenye ukumbi wa manispaa, kubwa, pamoja na za wazee wengine, mji mzima ukaone. Tangazo lilikuwa limebandikwa mpaka kwenye geti la dobi. Maneno yale yakishapanda ukutani yangekuwa ndiyo kweli, na mimi ningebaki kuwa yule mkwe aliyemnyima mzee chai. Nilitaka yaondoke. Hilo tu ndilo nililolitaka.

"Kesho twende huko ukumbini," nikamwambia. "Lakini kwanza muulize Baba ilikuwaje."

"Nimuulize nini? Si ameonewa?"

Na kweli hakumuuliza. Alipotoka kunawa alipita barazani, mzee akamwambia, "Leo umerudi mapema." Naye akajibu, "Nina haraka, Baba," akaingia chumbani kutafuta shati la kuvaa kesho.

Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Mafundi walikuwa juu ya ngazi wakipigilia misumari, na picha zimeegemezwa chini, zimefunikwa karatasi. Mpiga picha alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezibana kwa kalamu, na kando yake Dereva. Huyu aliponiona akasema, "Shemeji, karibu." Alipomwona Ramani akashusha macho.

"Nani kakupa ruhusa?" Ramani akamuuliza.

"Mzee mwenyewe. Nilimwamkia, nikamweleza, akakubali. Kama ulivyonifundisha."

"Alikuwa amekaa mbele. Umemhamisha."

"Jua lilikuwa limepamba moto kule mbele. Nikamwambia, Mzee, twende kivulini."

"Na chupa?"

"Chupa ilibaki kule kule. Sikuificha, kaka. Sikuibeba tu."

Mpiga picha akauliza tunasema nini, na Ramani akamweleza kwa lugha yake. Yule mama alishtuka, nilimwona, na hakuwa mtu wa kuigiza. Akaweka mkono kifuani, akaongea kwa uchungu, Dereva akitafsiri: yeye hagusi kitu, tangu aanze kazi hajagusa kitu, mzee alimkuta pale pale ukutani, hivyo hivyo alivyo.

"Anasema kweli," Ramani akasema polepole. Mle ndani hakuna aliyejua kama yeye jinsi yule mama alivyokuwa anasema kweli.

"Basi ukuta tuuache," nikadakia, "na chupa tuiache. Hayo maneno je? Nani amesema mzee amesahauliwa? Mimi ndiye ninayempikia! Muulize huyo mama, nani kamwambia?"

Dereva alinitazama, na nilichokiona machoni mwake kilikuwa huruma, kitu ambacho sikukitegemea wala sikukitaka.

"Shemeji, maneno ni ya mzee."

"Muongo mkubwa wewe."

"Nilirekodi. Siku hizi wanataka kila neno liwe na ushahidi." Akatoa simu, akaipapasa, akaiweka juu ya kreti la misumari katikati yetu.

Kwanza ulisikika upepo, kisha jogoo wa jirani yetu, yule asiyejua asubuhi wala mchana. Kisha sauti ya Dereva, kwa adabu zote: "Mzee, watoto unao?"

"Ninao. Wa kike ameolewa mbali. Wa kiume yupo, tunalala nyumba moja."

"Anakaa na wewe?"

Mzee alicheka kidogo, kicheko chake cha puani. "Huyo ana kazi ya kukaa na watu wenye shida. Mtu akifiwa, mtu akiingiliwa na maji, yeye yuko kule tangu asubuhi anamsikiliza. Watu huja kuniambia, mzee, mwanao ana moyo, alikaa na mama yangu kutwa nzima. Mimi nafurahi. Nadhani tu shida yangu haijatosha."

"Chakula, mzee, unapata?"

"Chakula ninacho! Mkwe wangu hajanisahau hata siku moja. Chai ananiwekea ya kutosha, na sukari pia, ila usimwambie. Mimi sisemi njaa. Nasema mtu. Asubuhi hadi jioni sina mtu. Mwanangu amenisahau. Si kwa ubaya. Mtu huweza kuitafuta kofia nyumba nzima, kumbe ameivaa."

Dereva akaizima.

Na sukari pia. Nililisikia hilo, machozi yakanitoka bila kuniuliza. Halafu hasira ikarudi, maana nilikuwa nimesikia vizuri: mkwe wangu hajanisahau hata siku moja. Hayo nayo ni maneno ya mzee. Yako wapi pale chini ya picha?

"Nafasi ilikuwa mistari mitatu, shemeji," Dereva akasema. "Haikutosha."

Basi na mimi nilipunguzwa, pamoja na chupa yangu.

Ramani alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono mapajani. Namna aliyokaa ilikuwa ile ile ya kwenye picha. Wanafanana sana, sijui kama alijua. Yule mama aliinama mbele yake, akaongea naye taratibu. Alisema yuko tayari kuitoa picha, au kuiacha na kubadilisha maneno, ila aamue mzee mwenyewe. Akatupa nakala ndogo tumpelekee, kwa sababu mzee alikuwa hajaiona. Niseme haki, kati yetu sote yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kwamba mzee ni mtu wa kuulizwa.

Tulimkuta barazani. Ramani akakaa chini kwenye saruji, karibu na miguu ya baba yake, akampa picha. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Wamenipiga kwenye ule ukuta," akasema. Ndilo neno lake la kwanza. "Kazi ambayo sijaimaliza. Watu watasema mimi ni fundi wa kuacha tofali uchi."

"Tutaitoa, Baba."

"Na chupa iko wapi?"

"Waliiacha huku mbele, Baba," nikamjibu, na moyo wangu ukatulia kidogo kwamba ameiulizia.

Akataka asomewe maneno. Ramani akamsomea mpaka neno la mwisho. Nilingoja mzee akane, aseme hakusema hivyo, aseme walimtega. Alikuwa anaifuta picha kwa kidole gumba, palepale kwenye tofali, kana kwamba angeweza kuzilainisha.

"Iacheni," akasema.

"Baba, watu wananisema! Wanamsema mkwe wako mpaka madukani!"

"Mkwe mtafutieni nafasi kwenye hayo maneno, hilo nataka. Mengine yaacheni yalivyo. Tangu yatoke, leo ndiyo umekaa hapa na mimi. Yakiondolewa na wewe utaondoka."

Ramani aliweka kichwa kwenye goti la baba yake akalia, mwanaume mzima mwenye ndevu, na jirani akitazama juu ya ua. "Siondoki, Baba," akasema. "Siondoki tena."

Na alikaa, sitamnyima haki yake. Wageni walipiga simu, akaziacha zikalia mpaka zikachoka. Alikaa barazani, mzee akamhesabia nyumba alizozijenga na wenye nyumba waliokuwa wakimsumbua, na mara nyingine nikirudi kutoka kazini nilikuta wote wawili wanacheka na chupa ni tupu kabisa. Asubuhi moja niliwaona wanazunguka kwenda nyuma, mzee amemshika mwanawe bega. Mwiko ulikuwa umetolewa kwenye kitambaa. Walichanganya saruji na mchanga kwenye karai, na mzee, kwa kuwa mikono haikumtii, alikaa kwenye kiti akaongoza kwa mdomo. Ramani akapiga lipu kipande cha ukuta ukubwa wa mlango. Ilikuwa mbaya, mawimbi matupu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe ungekuwa kibarua wangu ningekufukuza kabla ya chai," akamwambia. "Kesho tuendelee."

Tuliendelea hivyo mpaka ilipofika mvua. Asubuhi ya mvua ya kwanza kubwa walikuwa wamekwishachanganya saruji chini ya paa la nyuma, wakingoja inyamaze. Simu ya Ramani ikaita, ikaita tena, na safari hii akaitazama. Mtaa wa chini ulikuwa umeingiliwa na maji, na wageni walikuwa wengi. Akasimama getini na simu sikioni, nikamsikia anasema, "Ndiyo, namjua mama mmoja, nyumba yake imekwenda yote. Atakubali, ananiamini." Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, ni leo tu."

"Nenda," mzee akasema. "Wana shida."

Leo tu ikazaa kesho tu, na kesho tu ina watoto wengi. Saruji iliganda kwenye karai. Nilijaribu kuing'oa kwa nyundo, nikaambulia kulitoboa karai lenyewe. Jioni Ramani alirudi na matope magotini na habari za yule mama, jinsi alivyopoteza kila kitu, jinsi walivyokaa. Alimsikiliza kutwa nzima. Mimi nilimwangalia anavyosimulia, macho yamemjaa huruma ya kweli kabisa, na nikatamani huruma ile iwe ya uongo, ningejua namna ya kumtukana.

Siku yangu ya mapumziko nilijaza chupa, nikamtolea mzee kiti, nikaenda ukumbini peke yangu. Maonyesho yalikuwa yamefunguliwa na watu ni tele, wanatembea polepole kama wako msibani. Picha ya mzee ilikuwa katikati ya ukuta mkubwa, imenizidi urefu. Tofali zilikuwa pale. Macho yake yalikuwa pale. Nikashusha yangu kwenye maneno.

*Mzee akipumzika kivulini nyumbani kwa mwanawe, anayemtunza.*

Nikasoma tena, polepole. Niliyoyataka yaondoke yalikuwa yameondoka. Ramani alikuwa amepita kimya kimya, akamwambia yule mpiga picha kwamba mzee ameamua hivyo, na nani angemwuliza mara mbili? Yeye ndiye mtoto, na yeye ndiye mkalimani. Mkwe hakuwemo. Chupa haikuwemo. Na lile neno moja la kweli lililokuwa kwenye picha nzima, lile lililouma, amelipunguza.

Mwanamke mmoja aliyesimama kando yangu akashusha pumzi. "Huyu afadhali," akasema. "Huyu ana mtoto."

"Anaye," nikamjibu, nikatoka.

Nilipofika nyumbani baraza lilikuwa tupu. Chupa ilikuwa juu ya stuli, nzito bado, haijaguswa, na kiti hakipo. Nilizunguka nyumba huku naita. Alikuwa nyuma. Alikuwa amekikokota kiti mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, akakaa mbele ya kile kipande cha lipu chenye mawimbi, mwiko mapajani, tofali zote zilizobaki nyuma yake. Ungekuja na kamera usingehitaji kugusa kitu.

"Namngoja tumalizie," akasema. "Umetoka huko ukumbini?"

"Nimetoka, Baba."

"Yale maneno bado yapo?"

Nilikwenda kwanza mbele kuifuata chupa na kikombe, nikavileta. Nikavishika vyote viwili, nikamtazama, na yeye ananitazama kwa yale macho ambayo mji mzima ulikuwa unayatazama saa ile.

"Yapo, Baba. Hawajayagusa."

"Basi atakuja kukaa," akasema, akanyoosha mkono apokee kikombe. "Leo sukari umetia?"

Nikamwambia nimetia, nikammiminia.